Dereva Aajiriwe Kabla ya Kukopeshwa Gari

Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA)

Nakala: Gavana wa Benki Kuu ya Kenya, wenyeviti wa Sacco za matatu, Eastlands

KUH: VIJANA WANAOINGIA BARABARANI BILA MSHAHARA NA KUTOKA NA MADENI

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kuhusu uamuzi unaowakabili vijana wa Umoja, Kayole, Dandora, Mathare, Pipeline na Njiru kila wiki. Kijana amepata leseni ya kuendesha gari la abiria, amelipia cheti cha tabia njema, ana beji. Sasa anatafuta kazi. Mbele yake kuna njia mbili: aendeshe gari la mtu kwa hesabu ya kila siku, au achukue gari la mkopo alipe mdogo mdogo hadi liwe lake. Njia ya tatu ni kuajiriwa kwa mkataba ulioandikwa na kulipwa mshahara wa mwezi. Hiyo ndiyo iliyoandikwa katika kanuni zinazosimamiwa na Mamlaka yako, na ndiyo ambayo kijana huyu haipati kwenye steji.

Ombi langu ni kwamba njia hiyo ya tatu ifunguliwe, na ufunguo uko mikononi mwako. Kijana mwenye mshahara ana uwezo wa kuukataa mkopo mbaya. Asiye na mshahara hutia sahihi karatasi yoyote inayomtoa kwenye hesabu.

Ninaandika nikiwa karani wa vitabu katika Sacco moja ya huku kwetu. Kazi yangu ni kuandika mapato ya magari, ada za wanachama na marejesho ya mikopo. Lakini madereva wapya, wale tunaowaita skwodi kwa sababu wanashika usukani dereva wa kawaida akipumzika, wamezoea kuniletea karatasi nyingine. Ni fomu za kampuni za mikopo, kurasa nyingi za Kiingereza cha mawakili, na kila mmoja anakuja na ombi lile lile: "Mama, nisomee hii kabla nisaini." Wengine huja wakiwa tayari wamesaini. Ninayosema hapa yametoka kwenye vitabu hivyo na karatasi hizo.

Tuanze na hesabu, maana bila kuielewa hesabu hutaelewa kwa nini mkopo unavutia.

Mwenye gari hutaja kiasi anachotaka jioni. Dereva na makanga wake hutafuta pesa hizo, na juu yake hulipa mafuta, ada ya Sacco, watu wa steji na kuosha gari. Kinachobaki ndicho chao. Nitatoa mfano, si vitabu vya gari fulani. Tuseme gari la abiria 14 limeingiza shilingi 9,500 kwa siku. Mafuta ni 3,500, hesabu ya mwenye gari ni 3,500, Sacco na steji ni 600, kuosha ni 200. Zinabaki 1,700 za kugawana watu wawili. Sasa mvua inyeshe, Outering ifungane kuanzia Taj hadi Donholm, mapato yashuke hadi 8,000. Mwenye gari bado anapata 3,500 zake. Mafuta hayapungui, kwenye foleni huenda yakaongezeka. Dereva na makanga wanagawana shilingi 200 baada ya kuwa barabarani tangu alfajiri.

Ndiyo sura ya mpango huu: mwenye gari ana kipato kisichoyumba, na hasara yote inamwangukia asiye na chochote. Kila tarehe 14 mamlaka ya kawi, EPRA, hutangaza bei mpya za mafuta. Bei ikipanda, hesabu haishuki. Barabara ikifungwa, hesabu haishuki. Siku dereva akiugua hana hata senti, na skwodi anayeshika usukani wake huenda akabaki nao.

Abiria wa 58 Buruburu, wa 19/60 Kayole, wa 32 Dandora na wa 33 Embakasi huona matokeo ya hesabu hii na kuyaita ukorofi. Gari linapanda juu ya kinjia cha watembea kwa miguu pale Jogoo Road, au linamshusha mama mwenye mizigo katikati ya barabara ili likawahi abiria wa steji inayofuata. Sitetei makosa hayo. Lakini mtu ambaye kila dakika anayokaa kwenye foleni inakatwa kwenye chakula cha watoto wake ataendesha namna hiyo, hata akihudhuria semina ngapi za usalama. Sheria ya Trafiki, kifungu cha 66A, inakataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Ukimuuliza dereva wa Eastlands kama anaijua sheria hiyo, atakwambia kwamba saa 8 zikiisha ndipo hesabu inaanza kutimia.

Mheshimiwa, hali hii haikukosa sheria. Mwaka 2003 waziri John Michuki alitoa kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004. Wakenya wanakumbuka mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano. Wachache wanakumbuka kwamba kanuni hizo zilitaka pia wafanyakazi wa matatu waajiriwe kwa kudumu. Miaka kumi baadaye, kanuni za NTSA za mwaka 2014 kuhusu uendeshaji wa magari ya abiria ziliweka sharti kwamba matatu ziwe chini ya Sacco au kampuni yenye magari yasiyopungua 30, na kwamba madereva na makondakta wawe na mikataba iliyoandikwa na mshahara wa mwezi. Sheria ya Ajira ya 2007 ilikuwa tayari inasema kwamba kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na kwamba kibarua anayefanya kazi mfululizo hawezi kubaki kibarua milele.

Sharti la magari 30 limetekelezwa. Leo hakuna matatu inayopata leseni ya barabara bila kuwa ndani ya Sacco au kampuni. Sharti la mshahara, lililoandikwa katika kanuni hizo hizo, limeachwa. Kwa hiyo tunajua kwamba Mamlaka yako ikiamua jambo litekelezwe, linatekelezwa. Lile la kwanza liliwapanga wenye magari, na la pili lingewalinda wenye kuyaendesha. Lililoachwa ni la wanyonge.

Wazee wa Eastlands hawahitaji kuelezwa kazi ya udereva yenye mshahara inafananaje. Kenya Bus Service ilianza kubeba watu wa Nairobi mwaka 1934, na kwa miongo mingi dereva wake alikuwa mtu mwenye sare, zamu na malipo ya mwezi. Karakana yake iliipa jina sehemu ya Eastleigh ambayo watu bado wanaiita Garage. Kulikuwa na watoto wa Kaloleni, Jericho na Shauri Moyo waliosomeshwa kwa mishahara hiyo. Matatu ziliporuhusiwa kubeba abiria bila leseni maalum kwa agizo la Rais Kenyatta mwaka 1973, zilijaza pengo la kweli, kwa sababu mabasi hayakufika kila mtaa uliokuwa ukijengwa. Tulipata usafiri. Mpango wa malipo ya dereva ukaachiwa hesabu, na hadi leo hatujaurekebisha.

Sasa njoo kwenye mkopo.

Kijana aliyechoka na hesabu anaambiwa kuna kampuni itampa gari kwa amana ndogo. Badala ya kumpelekea tajiri 3,500 kila jioni, atalipa deni la gari lake mwenyewe. Neno hilo, lake mwenyewe, lina nguvu kuliko hoja yoyote ninayoweza kumpa. Na si uongo mtupu. Nawajua watu walioanza kwa mkopo na leo wana magari mawili, matatu, nao wanaajiri. Katika Sacco yetu wenyewe tunakopesha, na mkopo uliopangwa vizuri umejenga nyumba nyingi huko Ruai na Utawala. Tatizo ni mkopo anaoingia mtu asiye na akiba, asiye na mshahara wa kurudia, na asiyeelezwa bei kamili.

Nitatumia mfano tena. Gari lililotumika linauzwa shilingi 1,200,000. Kijana anaweka amana ya asilimia 30, yaani 360,000, ambazo mara nyingi zimetoka kwa chama cha mama yake au shamba la babake. Linabaki deni la 840,000, la kulipwa kwa miezi 36, kwa riba ya asilimia 2.5 kwa mwezi. Kwa masikio ya kijana, asilimia 2.5 ni kidogo.

Lakini riba hiyo inahesabiwaje? Ikihesabiwa juu ya deni lote la mwanzo, mwezi baada ya mwezi, hata baada ya nusu yake kulipwa, riba peke yake inafika 756,000. Rejesho ni kama 44,300 kila mwezi. Ikihesabiwa juu ya deni linalobaki, jinsi linavyopungua, rejesho ni kama 35,700. Asilimia ni ile ile, gari ni lile lile, na tofauti kwa miaka mitatu inazidi shilingi 310,000. Hiyo ni injini mpya na magurudumu, na salio la kutosha karo. Karatasi nyingi ninazoletewa hazimwambii kijana ni njia ipi imetumika. Zinamwonyesha rejesho la siku au la wiki, kwa sababu rejesho la siku huonekana jepesi.

Kwa njia ya kwanza, gari la 1,200,000 litakuwa limemgharimu 1,956,000 ukijumlisha amana. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, anatafuta shilingi 1,700 kila siku za rejesho tu. Bado bima ya gari la abiria, bado kuingia Sacco, bado ada ya kaunti ya maegesho, bado breki, klachi na magurudumu. Gari likikaa gereji Kariobangi siku tano, rejesho la siku tano linamngoja. Hapo ndipo kijana anagundua kwamba hesabu imemfuata ndani ya gari lake. Tofauti ni kwamba sasa hana tajiri wa kumpigia simu gari likiharibika, maana tajiri ni yeye mwenyewe, na mwenye deni ni yeye mwenyewe.

Halafu kuna suala la kunyang'anywa. Kenya ina Sheria ya Ununuzi kwa Awamu, Sura ya 507, inayomlinda mnunuzi ambaye ni mtu binafsi. Inasema kwamba akishalipa theluthi mbili ya bei yote ya awamu, mwenye mali hawezi kuichukua isipokuwa kwa kwenda mahakamani. Kwenye mfano wetu, theluthi mbili ya 1,956,000 ni 1,304,000. Kijana anaufikia mstari huo katika rejesho la 22. Kabla ya hapo, mwaka na miezi tisa ya jasho lake inaweza kuishia kwenye yadi ya dalali.

Na hata ulinzi huo mdogo unapungua. Mikataba mingi ya siku hizi haiandikwi kama ununuzi kwa awamu. Inaandikwa kama mkopo wa kawaida ambao gari ni dhamana yake, chini ya Sheria ya Haki za Dhamana ya Mali Zinazohamishika ya mwaka 2017. Jina la mkopeshaji linakaa kwenye logbuku pamoja na la kijana. Ndani ya sheria hiyo mstari wa theluthi mbili haupo. Gari limefungwa traka, na mkopeshaji anaweza kulizima akiwa ofisini. Wanasema dawa ya deni ni kulipa, na ni kweli. Lakini gari lililozimwa Jumatatu kwa rejesho la Jumamosi haliwezi kumlipia mtu rejesho la Jumanne.

Nimeona kijana wa miaka 24 akiniletea karatasi ya dalali baada ya zaidi ya mwaka wa kulipa. Sikuwa na la kumwambia ila kumsomea alichokuwa amesaini. Alirudi kwenye skwodi, akiwa na deni la tofauti iliyobaki baada ya gari kuuzwa kwa bei ya mnada.

Mheshimiwa, linganisha njia hizo mbili, hesabu na mkopo, na ile ya tatu, ajira yenye mshahara. Dereva mwenye mkataba analipiwa mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 6 kutoka mshahara wake na asilimia 6 kutoka kwa mwajiri, ndani ya viwango vilivyowekwa. Mchango wake wa afya unakwenda mamlaka ya afya ya jamii, SHA, kila mwezi bila yeye kukumbushwa. Akiumia kazini, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri amfidie. Ana likizo ya mwaka. Ana karatasi ya malipo, na karatasi hiyo ndiyo inayomfungulia mkopo wa benki wenye riba nafuu siku atakapotaka gari lake. Amri ya mishahara ya Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida Nairobi kuwa shilingi 16,113.75, na ina viwango vyake vya juu zaidi kwa madereva, kuanzia wa magari madogo hadi wa malori makubwa. Watu wa hesabu hawapimwi kwa kiwango chochote.

Hili halihusu matatu peke yake. Pale Embakasi, kwenye bohari ya makontena, malori huingia na kutoka mchana na usiku. Vijana wa Pipeline na Tassia wanaotafuta kazi huko wanakutana na swali lile lile: kampuni yenye mshahara na posho ya safari, au mwenye trela mmoja anayelipa kwa tripu bila mkataba, au kanta ya mkopo ya kubebea mizigo ya Gikomba. Hata madereva wa teksi za app wako humo. Kanuni za mwaka 2022 ziliweka ukomo wa asilimia 18 kwa kamisheni ya kampuni za app, jambo zuri. Hesabu ya wiki anayompelekea mwenye gari haikuguswa.

Wenzetu wa mbali wamelipitia jambo hili. Marekani, kampuni za malori zimekuwa zikiwapa madereva wapya magari kwa kukodi huku wakinunua, na rejesho linakatwa kwenye malipo ya kazi wanayoifanyia kampuni hiyo hiyo. Madereva wengi walijikuta wamefanya kazi wiki nzima na kudaiwa. Bunge la huko liliagiza kuundwe jopo la kuchunguza mikataba hiyo, na mwezi wa Januari 2025 jopo lilipendekeza ipigwe marufuku. Hiyo ni nchi yenye mahakama za kila aina na madereva wanaosoma mikataba kwa lugha yao ya kuzaliwa.

Jirani zetu Watanzania nao wana funzo. Aprili na Mei 2015 madereva wa huko waligoma, na mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai makubwa. Funzo ninalolichukua ni kwamba madereva wenyewe wanautaka mkataba; lakini sharti la kuonyesha karatasi yake tu halitoshi. Karatasi ya mkataba inaweza kuchapishwa kwa dakika tano katika duka lolote la River Road. Kinachothibitisha ajira ni pesa zinazohama: mchango wa NSSF uliopokelewa kwa jina la dereva, na mshahara ulioingia kwenye akaunti au simu yake.

Najua wenye magari watasema nini, kwa sababu nakaa nao. Wengi wao si matajiri. Ni walimu, wauguzi, askari na wafanyabiashara waliokopa ili wanunue gari moja, na benki haiwasubiri. Watasema dereva akipewa mshahara atazembea, au atakula nauli. Hofu hiyo ina msingi. Lakini ilikuwa na msingi zaidi wakati nauli yote ilikuwa ya noti na sarafu. Jaribio la kadi za nauli la mwaka 2014 lilishindwa, na mimi sitetei kadi. Ninasema tu kwamba leo abiria wengi wa Eastlands wanalipa kwa M-Pesa, na tili ya gari inaweza kumwonyesha mwenye gari kila shilingi iliyoingia. Dereva anaweza kulipwa mshahara wa msingi, na juu yake sehemu ya mapato yanayozidi lengo. Mwenye gari atabeba sehemu ya siku mbaya, na atapata sehemu ya siku nzuri. Hiyo ndiyo biashara, na gari litadumu zaidi kwa dereva asiyelikimbiza.

Kwa hiyo naomba mambo haya yafanyike.

Kwanza, NTSA isihuishe leseni ya barabara ya Sacco au kampuni yoyote bila ushahidi wa michango ya NSSF na malipo ya mshahara ya miezi iliyopita kwa kila dereva na kondakta aliyesajiliwa nayo. Anzeni na Sacco kubwa, mzipe ndogo mwaka mmoja wa kujipanga, kisha msirudi nyuma.

Pili, kila Sacco iwe na daftari la madereva, wakiwemo skwodi, na saa walizofanya kazi. Sheria ya saa 8 haiwezi kusimamiwa na polisi pale barabarani. Inaweza kusimamiwa kwenye ofisi za Sacco, na sisi makarani tuko tayari kuifanya kazi hiyo.

Tatu, Benki Kuu itumie mamlaka iliyopewa Desemba 2024, sheria za biashara ziliporekebishwa, ya kuwapa leseni na kuwasimamia wakopeshaji wasiopokea amana za umma. Gavana, tunaomba ukurasa mmoja wa kwanza katika kila mkataba wa gari, kwa Kiswahili, wenye mambo matano: bei ya gari taslimu, jumla ya pesa zote zitakazolipwa, njia ya kuhesabu riba, faini za kuchelewa, na siku ambayo gari linaweza kuchukuliwa. Mkopeshaji apigwe marufuku kulizima gari la abiria bila notisi ya siku kadhaa. Na mtu aliyelipa theluthi mbili ya deni la gari lake la kazi apate kinga ya mahakama, mkataba wake uitwe jina lolote.

Nne, wenyeviti wa Sacco, msingoje kulazimishwa. Sacco ni chama cha ushirika. Dereva aliyefanya kazi kwenu miaka miwili kwa uaminifu aruhusiwe kuwa mwanachama, aweke hisa, akope kwenye mfuko wetu kwa riba inayopungua. Tunawaachia vijana wetu wakope kwa wageni huku pesa zetu zikilala benki. Mkopo wa gari unaotolewa na watu wanaomjua dereva, wanaoona mapato ya gari lake kila siku, na wanaoweza kumpa nafuu mwezi wa gereji, ni salama kwake na kwa chama.

Nanyi vijana mnaosoma barua hii mkiwa na fomu mfukoni, nawaomba msiione aibu kuuliza. Uliza jumla yote, usiulize rejesho la siku. Uliza riba inahesabiwa juu ya deni lipi. Uliza bima inalipwa na nani, na gari likiibwa deni linakwenda wapi. Weka kando marejesho ya miezi miwili kabla ya kusaini, na kama huna, hujawa tayari. Mpe mtu mwingine akae na mkataba usiku mmoja ausome, na anayekuharakisha usaini leo leo, mwachie gari lake. Mkipata kazi ya mshahara, hata kama ni ndogo kuliko siku nzuri ya hesabu, ichukueni. Tunzeni karatasi zenu za malipo. Miaka mitatu ya karatasi hizo ina thamani kubwa mbele ya benki kuliko amana ya kukopa kwa mama.

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu, sikuombi utunge kanuni mpya. Ninaomba ile ya mwaka 2014 itekelezwe kwa nguvu ile ile iliyotumika kuyaingiza magari yetu kwenye Sacco. Mkataba na mshahara ni haki ya dereva kwa mujibu wa sheria ya nchi hii, na mwenye kutoa leseni ndiye mwenye uwezo wa kuidai. Idai, kuanzia leseni zitakazofuata.

Wako mwaminifu,

Karani wa Sacco, Umoja, Nairobi